Mkate, Chumvi na Basi la Stara Grobla

Ludwik Sobieraj alikuwa na miaka sabini na mmoja, masharubu meupe mapana kama ufagio, na kinyongo ambacho angeweza kukigawia kijiji kizima na bado kikabaki cha kumtosha hadi Krismasi. Kinyongo chenyewe kilikuwa na anwani: ofisi ya halmashauri, ghorofa ya kwanza, mlango wenye kitasa cha shaba, kwa Mwenyekiti Ryszard Kłoda.

Wakubwa walianza na treni. Walisema haina abiria, wakang'oa reli. Wakaja kwenye shule, wakasema haina watoto. Watoto watoke wapi, na vijana wote wa Stara Grobla wako Uingereza wanavuna kabichi na kufunga kuku kwenye vikasha? Mwisho wakachukua basi.

Hilo la basi Ludwik hakuwasamehe. Miaka miwili nyuma mkewe Genowefa alikuwa amelazwa katika mji wa wilaya, kilomita thelathini na nne. Ludwik alimimina supu ya bitiruti kwenye chupa ya chai, akavaa koti la kanisani, akaenda kituoni. Alisimama pale kwa muda wa saa mbili kama mlingoti. Ndipo jirani yake, Bibi Stefania, akapita na baiskeli akamwambia kwamba basi limefutwa tangu Jumatatu, tangazo limebandikwa ofisini. Ofisini! Kama vile watu hukaa ofisini kusubiri basi. Alipopata lifti ya lori la maziwa na kufika, supu ilikuwa bado ya moto, ila Genowefa hakuwepo tena wa kuinywa.

Na binti yao Aldona, aliyekuwa akiishi Uingereza, alitua Warsaw alfajiri ya siku ya mazishi, kwa wakati mzuri kabisa. Alifika Stara Grobla wachimba kaburi wanaosha koleo.

Kwa hiyo mwezi wa Agosti, Ludwik alipomuuliza Aldona kwenye simu ya picha kama safari hii atakuja Siku ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, kumwashia mama yake mshumaa kama wanavyofanya wenye makaburi wote, alikuwa anajua jibu kabla halijatoka.

"Baba, usinianzie tena. Nina siku tatu za likizo. Kuvuka bahari ni masaa mawili na nusu. Kutoka uwanja wa ndege mpaka kwako ni masaa tisa. Tisa, baba! Treni, kusubiri, basi, kusubiri, halafu kubembeleza mtu mwenye gari. Na Nela ana miaka sita."

"Mama yako yuko palepale, hajahama."

"Najua hajahama. Mimi ndiye niliyemkuta amefukiwa. Lete basi mpaka kijijini, baba, mimi nakuja. Naapa. Bila basi sirudii mateso yale."

Hapo uso wa mjukuu ukajaa kwenye kioo, pua moja kubwa na mapengo mawili ya meno. Mtoto akaangalia, akasema kitu kwa Kiingereza, akatoweka.

"Amesema nini huyo?"

"Ah, achana naye, baba."

"Mjukuu wangu amenisemesha, nawe unaniambia niachane naye?"

Aldona akacheka bila kupenda. "Anauliza kama hayo masharubu yako ni mnyama."

Ludwik alikata simu akiwa na mambo mawili kichwani: basi, na Kiingereza.

Kiingereza kilikuwa karibu zaidi. Kila Jumatano, katika shule ileile iliyofungwa kwa kukosa watoto, halmashauri ilikuwa imefungua darasa la wazee. Walikaa tisa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwalimu alikuwa Bibi Halszka, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyeishi Uingereza miaka kumi na miwili, akarudi kumuuguza mama yake. Hakuwa na vitabu. Wakubwa walinunua bango la kutangaza darasa, lenye picha ya Mwenyekiti, hela ya vitabu ikawa imekwisha.

Siku ya kwanza ya Ludwik, Halszka alipiga mstari katikati ya ubao. Upande mmoja yaandikwe maneno yao ya Kipolandi ya kutengana na kuwa mbali, upande wa pili ya Kiingereza.

"Tuanze na tunachokijua," alisema. "Kila mmoja hapa ana mtu wake huko. Nipeni maneno."

Maneno yakaja mbio kama kuku walioona mahindi. Stefania alitoa *rozłąka*, ule utengano wa watu wanaopendana. Mwingine akatoa *dal*, kule mbali kabisa jicho linapoishia. Likaja la kuagana mlangoni, likaja la umbali wa kupimwa kwa kilomita, likaja la kumlilia mtu aliye hai. Upande wao ukajaa mpaka Halszka akaanza kuandika pembeni. Upande wa Kiingereza kulikuwa na maneno matano, na moja lao Ludwik alilipenda papo hapo kwa ufupi wake: *away*, hayupo, yuko mbali. Lilitamkika kama mlango uliosukumwa na upepo.

"Ona walivyo maskini!" alisema Stefania akionyesha upande wenye nafasi.

"Si umaskini," Ludwik akamjibu. "Wao ndio wanaofuatwa. Anayefuatwa ana haja gani ya maneno? Maneno ni ya anayebaki dirishani."

"Bwana Ludwik," Halszka akasema, "Waingereza nao waliondoka kwao. Walikwenda kila kona ya dunia."

"Walikwenda kuchukua vitu vya watu, mwalimu. Hawakwenda kufunga kuku."

Darasa likacheka, naye Ludwik akayanakili maneno yote kwenye daftari la mistari mipana. Aliishia darasa la saba, kisha akawa fundi wa kujenga majiko ya vigae. Mkono wake ulizoea udongo kuliko kalamu. Lakini jiko hujengwa kigae kwa kigae, na aliona lugha nayo si tofauti.

Jumatano ya nne Mwenyekiti Kłoda mwenyewe akaingia darasani, tumbo mbele, manukato nyuma. Alikuja na habari. Mwishoni mwa Septemba ungefika ugeni kutoka Uingereza, meya na wenzake sita, kutia sahihi mkataba wa urafiki kati ya mji wao na halmashauri. Wageni wangepokelewa kwa mkate na chumvi, kama desturi inavyotaka, na mzee mmoja angewakaribisha kwa Kiingereza, ili waone maendeleo.

"Mkalimani atakuwa Bibi Halszka?" Stefania akauliza.

"Mkalimani wa nini?" Kłoda akacheka. "Mimi nimesomea Kiingereza miezi mitatu, mnasahau?"

Hawakusahau. Halmashauri ilimlipia miezi mitatu kwenye hoteli ya kando ya ziwa, akarudi ameiva jua kama samaki wa kukaanga. Kwenye mabango ya uchaguzi aliandika kwamba anazungumza na dunia.

Ludwik akanyoosha mkono. Jumatano iliyotangulia walikuwa wamesoma mifugo. Alisimama, akakohoa, akauliza kwa Kiingereza, polepole na kwa heshima zote:

"Mheshimiwa, wewe ni farasi?"

Kłoda akatabasamu kwa upana, akajibu kwa Kiingereza, "Ndiyo, ndiyo, bila shaka!"

Stefania akainamia chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakukidondosha. Halszka akageukia ubao, mabega yakimtetemeka. Ludwik peke yake hakucheka. Alimtazama Mwenyekiti kwa macho ya mtu aliyeona ufa kwenye ukuta na ana nyundo mkononi.

"Mnaona?" Kłoda aliwaambia wazee. "Hivi ndivyo watu waliosoma wanavyoongea. Wewe mzee, jina lako nani?"

"Sobieraj, Mheshimiwa. Nimekuandikia barua kumi na moja kuhusu basi."

"Barua ni nyingi. Lakini hayo masharubu! Hayo yatatoka vizuri kwenye picha. Wewe ndiye utakayeshika mkate." Akamtupia karatasi. "Sentensi moja tu. Karibuni kwenye ardhi ya maendeleo. Ikariri, usiniaibishe."

Alipotoka, darasa lililipuka. Ludwik alingoja likatulia, kisha akaenda mezani kwa mwalimu na karatasi nyingine, iliyojaa mwandiko wake mzito.

"Mwalimu, nigeuzie haya kwa Kiingereza. Maneno mepesi. Ni ya mjukuu wangu."

Halszka alisoma. Akasoma tena. "Bwana Ludwik, mjukuu wako ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Na anavutiwa sana na ratiba za mabasi?"

"Mtoto wa ajabu yule."

Halszka aliangalia mlango, akaangalia bango lenye picha ya Mwenyekiti, akachomoa kalamu. "Mimi sijui lolote," alisema akiandika. "Na hapa usiseme 'shetani'. Sema 'bwana mkubwa'."

Kwa wiki mbili Ludwik alizungumza Kiingereza na kila kitu: na mbuzi, na jiko, na kaburi la Genowefa. Makaburi yalikuwa kilomita tatu kutoka nyumbani kwake, nje ya kijiji, naye aliendesha baiskeli huko kila asubuhi. Alipalilia, akafuta jiwe, akamsomea marehemu sentensi zake. Genowefa hakumkosoa hata mara moja, jambo ambalo alipokuwa hai halikuwahi kutokea.

Siku ya ugeni ikafika. Halmashauri ilipaka rangi ngazi, ilipanga watoto wa kuazimwa kutoka kijiji cha pili, na ilimweka Halszka mstari wa nyuma kabisa, karibu na mapipa ya taka. Ludwik alisimama juu ya ngazi, koti la kanisani, masharubu yamechanwa. Mikononi alikuwa na kitambaa cheupe cha tarizi nyekundu, juu yake mkate wa shayiri wa Stefania, na katikati ya mkate kikombe kidogo cha chumvi. Nyuma yake ulikuwa mlango wa ukumbi, na harufu ya pierogi, sambusa zao za kuchemsha, ikitoka.

Na hapa ndipo desturi ilipokuwa upande wake. Mgeni haingii kabla hajamega mkate na kuuchovya kwenye chumvi, na mkate haumegwi kabla aliyeushika hajamaliza kusema. Hata askofu husubiri.

Meya alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba, Bi Maureen, uso mwekundu wa mtu anayependa bustani. Alipanda ngazi akitabasamu. Kłoda akasimama ubavuni mwake, mkono kifuani. Kamera zikainuliwa. Kulikuwa na msichana wa gazeti la wilaya, amefungua kijitabu.

Ludwik akavuta pumzi. Kiingereza kikatoka kigae kwa kigae.

"Karibuni. Mimi Ludwik. Mimi jenga majiko. Nyinyi kuja kutoka mbali, mimi nashukuru. Binti yangu kwenu. Mjukuu kwenu. Wao *away*. Kutoka kwenu hadi Warsaw, saa mbili na nusu. Kutoka Warsaw hadi hapa, saa tisa. Bahari si mbali. Mbali ni hapa."

Tabasamu la meya likaanza kubadilika. Kłoda alitikisa kichwa kwa furaha, kama baba anayesikiliza mtoto akisoma shairi.

"Hapa basi hakuna. Mke wangu kufa mjini. Mimi kituoni, na supu. Basi hakuna. Binti kuja mazishi, kaburi limefungwa. Bwana mkubwa huyu," akamwelekezea masharubu Kłoda, "amechukua basi. Mimi kuandika barua kumi na moja. Yeye mtu mwema, yeye anasema leo, mbele yenu, anarudisha basi. Kabla ya siku ya makaburi. Kweli, Mheshimiwa?"

Akageuka kumtazama. Watu wote wakageuka.

Kłoda aliona ameulizwa. Aliona pia nyuso za Waingereza zilivyolegea kwa hisia, akadhani ni ile ardhi ya maendeleo. Akafungua mikono yote miwili.

"Ndiyo, ndiyo, bila shaka!"

Bi Maureen alishika mkono wa Kłoda kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama hili la basi litakuwa limekamilika kabla ya mwisho wa Oktoba.

"Ndiyo, ndiyo, bila shaka!"

Na kama atawaruhusu kulitangaza huko kwao, kwa wana wa Stara Grobla wanaoishi mjini kwake.

"Bila shaka, bila shaka!"

Wageni wakapiga makofi. Wanakijiji wakapiga zaidi, wengine bila kujua wanapigia nini. Karibu na mapipa ya taka, Halszka alikuwa amejifunika uso kwa leso. Ludwik akainua mkate, na mama yule akamega kipande kikubwa, akakichovya, akakila chote.

Alhamisi gazeti likatoka. Juu kabisa, kwa herufi nene: MWENYEKITI KŁODA AAHIDI BASI, KWA KIINGEREZA FASAHA. Picha ilionyesha masharubu vizuri sana.

Saa mbili asubuhi Ludwik akaitwa ghorofa ya kwanza. Kitasa cha shaba kilikuwa baridi. Kłoda alikuwa na gazeti mbele yake na shingo nyekundu.

"Umenifanya nini wewe mzee?"

"Mimi? Nimewakaribisha wageni, Mheshimiwa."

"Nilikupa sentensi moja! Ulisema mambo ya basi!"

"Nilisema, na wewe ukakubali. Mara tatu. Au hukuelewa?" Ludwik akainama mbele, sauti ya huruma. "Kama hukuelewa sema tu, Mheshimiwa. Tutamwita yule msichana wa gazeti, aandike kwamba miezi mitatu pale ziwani hukuwa unasikia vizuri. Watu wataelewa."

Kłoda alionekana kama mtu aliyemeza mfupa na amealikwa kuimba.

"Nilielewa kila neno," alisema mwishoni.

"Mimi niliwaambia watu hivyohivyo."

Basi likarudi. Ila Kłoda hakuwa mtu wa kushindwa bure. Jioni moja katikati ya Oktoba, Stefania alikuja anahema.

"Jirani, umesikia? Basi lipo, lakini kituo hakiko kijijini! Amekiweka makaburini! Amesema pale ndipo penye nafasi ya kugeuzia. Eti mzee Sobieraj atembee kilomita tatu na masharubu yake."

Ludwik alikuwa anakoroga uji wa mbuzi. Mwiko ukasimama. Akafikiria kwa muda wa pumzi tatu, kisha akautupa, akavua kofia akaikanyaga, akatoka hadi mbele ya ofisi ya halmashauri akiwa na viatu vya zizini. Alipiga kelele mpaka madirisha yakafunguka. Makaburini! Wamemfanya maiti? Apewe kituo mlangoni kwake, la sivyo ataandika barua ya kumi na mbili! Juu, nyuma ya pazia, kivuli kinene kilikuwa kinatikisika kwa kicheko, na kesho yake mafundi walimwaga zege kwenye nguzo ya kituo, mita kumi kutoka geti la makaburi, isiweze kuhamishwa tena.

"Umeona, Genia," Ludwik alimwambia mkewe asubuhi ile, ameketi ukingoni mwa kaburi, zege likikauka mbele yao. "Nimekuletea basi mlangoni. Na yule mjinga anadhani ameniadhibu."

Siku moja kabla ya Watakatifu Wote, makaburi yalijaa watu wenye ndoo na brashi, wanasugua mawe, wanapanga maua ya njano na taa za mishumaa. Saa tisa alasiri basi likaingia, tupu karibu nusu, likageuka pale penye nafasi ya kugeuzia. Mlango ukafunguka. Akashuka Aldona, begi moja, nywele zimekatwa fupi.

"Masaa manne na nusu," alisema. "Baba, ni masaa manne na nusu tu." Kisha akaona lile jiwe, hatua ishirini kutoka aliposimama, akaacha begi chini akaenda.

Nela akabaki. Alisimama hatua tatu kutoka kwa babu yake, akimkagua. Ludwik naye alisimama, kitambaa kilekile mikononi, mkate mpya wa Stefania, kikombe cha chumvi. Katika maneno yote aliyoyanakili, ya pande zote mbili za ubao, hakukumbuka hata moja la umbali wa hatua tatu. Akanyoosha mkate tu.

Mtoto akamega, akachovya kwa moyo wote, akatia mdomoni. Uso ukamkunjamana kama leso. Akatema, na mate yakatua kwenye nguzo mpya ya kituo, juu kidogo ya kibao cha shukrani chenye jina la Mwenyekiti Ryszard Kłoda.

"Vizuri sana," Ludwik akamwambia.

Nela akajifuta kwa mkono wa koti, akasogea hatua moja, akasogea nyingine. Akanyoosha kidole hadi kikagusa ncha ya sharubu. Akauliza kwa Kiingereza, kwa kunong'ona, na safari hii Ludwik alisikia kila neno. Alitaka kujua kama ni mnyama.

Babu akainama mpaka uso ukalingana na wake. Akafikiri kwa uzito wote wa mtu mwenye elimu.

"Ndiyo, ndiyo, bila shaka!" akajibu kwa Kiingereza, akayatikisa masharubu.

Nela akapiga ukelele, akakimbia kati ya maua ya njano, akaenda kujificha nyuma ya jiwe la bibi yake, na kutoka huko akachungulia kwa jicho moja kuona kama yule mnyama anamfuata.